Phanuel na Sup Nne
Mume wangu Phanuel ni mtu mzuri, lakini mdomo wake hauna breki. Hapa Mayoni kila mtu anamjua. Ana ekari mbili za miwa, koti moja la kanisani, na kijana mmoja, Tevin, anayesoma kilimo chuoni huko Lurambi, mwaka wa kwanza. Muulize Phanuel habari ya mvua, na kabla hujamaliza kuitikia utasikia habari imefika kwa Tevin.

Sasa siku moja tukapata ujumbe kwa simu: "Baba nimepata sup 4." Basi. Hata salamu hakuna. Mimi nilisoma nikasema huyu mtoto amekunywa supu bakuli nne, pengine alikuwa mgonjwa. Phanuel akanicheka hadi akashika ukuta.

"Mama Tevin, wewe ulisomea wapi? Hiyo ni supa! Wakiona umepita ile A ya kawaida, wanakupatia supa. Na yeye amepata nne!"

Ningemzuia. Kwa nini sikumzuia? Jumapili akasimama kanisani wakati wa shukrani, akanyoosha koti, akasema Bwana asifiwe mara tatu, halafu akatangaza kwamba Mungu amempa kijana wake sup nne, na huo ni muhula wa kwanza tu. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe, mjinga mimi, nikaanzisha wimbo. Ni Mwalimu Wandera peke yake, aliyestaafu juzi, ambaye hakupiga makofi. Alikohoa tu, akangoja tutoke, akatuvuta kando.

"Phanuel," akasema, "sup ni mtihani wa kurudia. Kijana ameanguka masomo manne. Akianguka tena mwezi ujao, chuo kinamrudisha nyumbani. Kwisha."

Woi! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na ingokho, kuku wa wageni, tulikuwa tumeshachinja, wageni wako njiani. Tulikula nao hivyo hivyo, kila mmoja akimpongeza Phanuel, naye akitafuna ile firigisi ya baba mwenye nyumba bila kuimeza.

Jumatatu saa nne asubuhi tulikuwa Lurambi. Nje ya ploti anayopanga Tevin tukakuta karatasi imebandikwa ukutani, picha ya mtoto wetu amevaa miwani nyeusi, imeandikwa MC TEVOO, BASH YA FRESHAZ. Phanuel akafufuka.

"Unaona? Amechaguliwa kiongozi!"

"Baba Tevin, soma hapo chini."

Hapo chini iliandikwa disko mpaka asubuhi, wasichana wanaingia bure.

Tukagonga. Saa nne na nusu ndio mtoto anaamka! Alifungua mlango nusu, nywele zimelala upande mmoja. "Mama? Mnakujanga aje bila kupiga simu?" Nyuma yake niliona spika kubwa kuliko jiko langu. Vitabu vilikuwepo, sitasema uongo. Vilikuwa vimeshikilia spika isianguke.

Nilimpa maneno yote niliyokuwa nayo. Ya Kiswahili yakaisha, nikahamia Kiwanga. "Mimi napalilia miwa mpaka mgongo unakataa, wewe unaitwa Tevoo? Nani alikubatiza Tevoo?" Yeye ananiangalia tu na kusema, "Mama tulia, nitajipanga." Hilo nitajipanga nililihesabu mara sita. Kisha akaufunga mlango polepole, kwa sababu anajua mila. Kwetu kijana akishatahiriwa, nyumba anayolala inaitwa simba, na baba yake haingii humo. Masomo yote ya chuo mtoto huyu alikuwa ameyasahau, lakini hiyo mila aliikumbuka vizuri sana.

Phanuel aliomba jirani kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya mlango, akaketi.

"Mila inasema nisiingie," akasema kwa sauti ya kusikika ndani. "Haijasema nisikae hapa."

Akakaa wiki tatu! Alikuwa analala kwa dada yake Rachael, hapo hapo Lurambi, na saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye kiti na Biblia mapajani. Marafiki wa Tevoo wakija na chupa zao, anawasalimia mmoja mmoja, anauliza jina la baba, kijiji, kanisa, halafu anasema tufumbe macho tuombe. Maombi ya Phanuel nayajua, nimeishi nayo miaka ishirini na tano. Yanaanzia kwa Adamu na hayaruki mtu. Siku ya nne hakuna rafiki aliyeonekana, na mwenye spika akatuma mtu aichukue.

Na shamba je? Ni mimi! Nilimpigia simu nikafoka, magugu yamenifika kiunoni, rudi nyumbani. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba hawezi, saa nane wana somo.

"Akina nani?"

"Sisi."

Kumbe alikuwa anamfuata mtoto hadi darasani. Darasa si simba, alisema. Anaketi nyuma kabisa na gambuti zake za shambani, daftari mkononi, na Tevin mbele amejifunika kofia kwa aibu. Tevin mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Siku moja mwalimu wao, Daktari Chepkemoi, aliuliza kwa nini miwa ikikatwa ikachipuka tena na tena, mavuno yanashuka. Watu mia moja na zaidi wakainamia madaftari. Mkono ukainuka kule nyuma. Phanuel akasimama, akaeleza trekta zinavyokanyaga udongo, wakataji wavivu wanavyoacha visiki virefu, mashina yanavyokufa na kuacha mapengo. Alieleza mpaka Daktari akaweka kalamu chini akaketi.

"Mzee," akamuuliza, "wewe uko mwaka gani?"

"Mwaka wa kwanza, madam. Nilichelewa kidogo tu."

Darasa likacheka, likapiga makofi. Tevin hakucheka. Aliniambia, "Mama, niliumia," akashika kifua. Phanuel aliacha shule darasa la saba baba yake alipokufa, akaingia kukata miwa. Tevin amelijua hilo tangu utotoni, lakini hakuwa ameliona limesimama mbele ya watu na gambuti. Jioni ile alimwomba baba yake daftari anakili.

Mitihani ikafanywa. Siku ya mwisho Tevin mwenyewe alimrudishia jirani kile kiti, akamwambia baba yake, "Rudi tu, Baba, nitaweza," akamsindikiza stendi. Na majibu yalipotoka alikuwa amepita zote nne, moja kwa kukwaruza. Nilipiga kelele majirani wakadhani nimeona nyoka! Lakini Phanuel alikaa nyuma ya nyumba akinoa panga. Hata kanisani hakusimama kutangaza. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha.

"Ai, Baba Tevin! Kwani hukutaka mtoto apite? Si ulikuwa unaogopa atarudishwa nyumbani?"

Aliendelea kunoa panga lake la miwa, hakuniangalia.

"Tevin amepita," akasema. "Mimi ndio nimerudishwa."