Tulichimba Kushoto kwa Sababu Mke Wangu Aliumwa Kushoto

Ndugu zangu, kosa ni langu, simsukumii mtu. Nilichukua tumbo la mke wangu nikalifanya ramani ya dhahabu, na nusura nimzike.

Mimi ni mchimbaji mdogo huku upande wa Kahama. Tuna duara, yaani shimo letu, mimi na mwenzangu Masanja, nyuma kabisa ya nyumba za watu. Mwamba wenye dhahabu ulikuwa umetupotea, hatujui tugeukie wapi.

Mke wangu, Mama Kulwa, ni mama wa mapacha. Na kwetu Usukumani mama wa mapacha si mtu wa hivi hivi.

Basi akapitiliza siku zake, akapima mkojo, mimba. Haukupita muda akaanza kulalamika tumbo linamchoma chini, upande wa kushoto. Nikamsimulia Masanja kama habari tu. Masanja akaweka sururu chini, akasema tumbo lililobeba mapacha halisemi bure, tunaonyeshwa njia. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikakubali!

Tukachimba kushoto. Kila asubuhi kabla ya chai namuuliza panauma wapi leo. Akisema kushoto, nampigia Masanja simu tunafurahi. Akaanza kutokwa na damu nyeusi kidogo kidogo, akaomba twende hospitali. Nikamwambia avumilie, tumekaribia. Tumekaribia nini, jamani?

Siku moja akasema anasikia kizunguzungu, na sasa hata bega linamuuma. Bega! Masanja akafikiri sana, akasema basi tupande juu. Tukapanda juu kwa nguvu zetu zote mpaka sururu ikatoboa, na kilichotumwagikia hakikuwa dhahabu. Tulikuwa tumeingia kwenye shimo la choo cha jirani yetu, Mzee Shija.

Nikakimbilia nyumbani kuoga. Nikamkuta Mama Kulwa kaanguka jikoni, midomo imepauka, jasho la baridi linamtoka. Mayo wane, mama yangu! Sikuoga tena. Nilimpakia kwenye bajaji na uchafu wangu hivyo hivyo. Hospitali nesi alinipokea kaziba pua, ila alipomshika mke wangu mkono kusikiliza mapigo, pua akaisahau, akamwita daktari kwa sauti.

Daktari alinieleza baadaye. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija wa kushoto. Humo mtoto hawezi kukua. Mrija ulipasuka, damu ikajaa tumboni, na damu hiyo ndiyo iliyomfanya aumwe mpaka begani. Kisha akaniuliza kama tumewahi kuugua ugonjwa wa zinaa.

Nikatazama sakafu. Zamani nilirudi kutoka machimbo ya Geita na kisonono, nikajitibu kimya kimya. Yeye sikumwambia. Daktari akasema wapo wanaopatwa na hili bila sababu kujulikana, lakini ugonjwa usiotibiwa huacha makovu kwenye mirija, na mimba ikipita hapo inakwama. Niliona aibu kuliko hata ile ya choo.

Walimpasua, wakautoa mrija, wakamwongezea damu. Alipozinduka vizuri, Masanja akaja kumwona na soda mkononi. Akaniinamia sikioni kuuliza eti sasa panauma wapi.

Mama Kulwa alimsikia. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Baba Kulwa, kila siku uliniuliza panauma wapi. Hukuniuliza hata mara moja panauma kiasi gani."

Duara tumelifukia, choo cha Mzee Shija tumekijenga upya, na kuhusu kisonono nimemwambia yote. Kulwa na Dotto bado wana mama yao, na si kwa akili zangu.

Wewe unayesoma, mkeo akikosa siku zake kisha tumbo likamuuma upande mmoja, au akatokwa damu, akapata kizunguzungu, akalalamika bega, usikae kutafuta maana yake. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na ukimuuliza panauma wapi, uwe umeshaita bajaji.