Aproni ya Kulyash

Mimi ndiye mfua nguo wa nyumba ya watoto katika mji wetu wa migodi, hapa nyikani Kazakhstan, na mtu akitaka kujua nani ana hatia katika habari hii asihangaike kwenda mbali. Naitwa Raihan. Lakini habari yenyewe ni ya Kulyash, mlezi wa chumba cha pili, ambaye kwa miaka kumi na tisa nilimfulia aproni zake na kumtania kwa ukali wake.

Kulyash alikuwa na sheria yake ya dakika tatu. Mtoto akilia unamnyanyua, unamfuta, unamlisha, unamrudisha kitandani. Ukimzidishia mikono ataizoea, na wewe zamu yako ikiisha unakwenda zako nyumbani kunywa chai, yeye anabaki kuililia. Walezi wapya walimwona hana utu. Mimi nilijua sheria hiyo aliitoa wapi. Aliolewa akakaa miaka minane bila kuzaa, na wifi yake, kama tufanyavyo sisi Wakazakhi, akampa mwanawe wa tatu amlee awe wake. Kulyash alimlea tangu ana siku arobaini mpaka akafika miaka mitano. Kisha wifi huyo na mumewe wakahamia kusini, wakamtaka mtoto wao, wakamchukua. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana damu ni yao. Mwaka uliofuata mume wa Kulyash akafia mgodini, na watu wakaja kwa wingi kumpa pole ya mume. Pole ya mtoto hakuna aliyempa. Yule mtoto sasa ni mtu mzima mwenye masharubu, humpigia simu sikukuu ya Nauruzi na kumwita shangazi.

Basi alijikaza kisabuni miaka yote hiyo mpaka alipoletwa Akbota. Aliletwa ana wiki tano, mwepesi kama mkate, hawezi hata kunyonya chupa. Daktari akasema abebwe kifuani apate joto, vinginevyo hatafika majira ya kuchipua. Kulyash akamfunga kifuani, akavaa aproni juu yake, akafanya kazi zake zote na mtoto ndani ya aproni. Dakika tatu zikawa miezi mitatu. Alipofika miezi tisa, Akbota hakuweza kulala bila kuzika pua yake kwenye aproni ya Kulyash, pale penye mfuko. Kulyash alikwenda ofisini kuomba amchukue awe wake. Akaambiwa umri wake umepita, tena anakaa chumba kimoja cha bweni la wafanyakazi. Aliomba mara moja tu, na sikumsikia tena akilitaja jambo hilo.

Mwezi wa Januari wakaja Montse na Ferran, mke na mume kutoka Hispania. Walikuwa wamengoja miaka sita kupata mtoto wa kuasili. Utaratibu ulikuwa kwamba wazazi wageni wakae hapa mjini, waje kila siku saa nne asubuhi, wakae na mtoto muda wa saa mbili, kwa siku kumi na nne. Siku ya mwisho anakuja afisa wa watoto, anaangalia kama mtoto amewakubali, anaandika. Akiandika amekubali, wanakwenda mahakamani. Asipoandika hivyo, wanarudi kwao mikono mitupu.

Siku ya kwanza Akbota alimtazama Ferran akapiga kelele mpaka akakaukiwa na sauti. Watoto wetu hawajui mwanamume. Wamezungukwa na wanawake tangu wafungue macho, labda na fundi bomba mara moja kwa mwezi. Na Ferran alikuwa na ndevu nyeusi zilizomjaa hadi shingoni. Kesho yake alikuja amezinyoa zote, kidevu cheupe, kimechanika kwa baridi. Kulyash alimtazama dirishani akivuka uwanja wenye theluji, akasema, "Afadhali angebaki nazo zimkinge. Mtoto atalia vilevile." Na kweli alilia. Ferran akaanza kukaa sakafuni kwenye kona, amegeuzia uso ukutani, ili mtoto azoee kwanza mgongo wake. Mtu mzima, mhandisi, anatazama ukuta saa mbili nzima. Nilikuwa nikipita na mashuka nacheka, kisha siku ya tatu kicheko kikaniishia.

Montse ndiye aliyeniumiza moyo. Alikuja na midoli, na vitabu vya kitambaa, na manukato mazuri. Kila akimnyanyua, Akbota alijikunja nyuma kama upinde, akinyoosha mikono kuelekea mlangoni, aliko Kulyash. Mkuu wetu akamwamuru Kulyash achukue likizo asionekane. Akachukua siku moja. Mtoto hakula siku hiyo nzima, akaitwa arudi.

Siku ya nne Montse alitoka chumba cha wageni machozi yanamtoka, akamshika Kulyash mkono pale koridoni, akasema maneno kwa haraka. Mkalimani akatafsiri kwamba mama anauliza afanye nini, atafanya lolote.

 Kulyash akamwambia mkalimani, "Mwambie kesho asijipake manukato. Na avae hii."

Akafungua kamba, akavua aproni, akampa.

Mchana akanifuata chini kwenye chumba cha kufulia. Kwetu kila aproni huchemshwa kila siku, ndiyo sheria, na anayewajibika ni mimi.

"Raihan, ile aproni nyingine yangu usiifue. Nitaivaa jioni nikiwa nyumbani, nitalala nayo. Asubuhi nampa yule mama. Na anayoivaa yeye usiiguse pia."

"Kwa siku kumi? Mkuu akijua tutatoka mlango mmoja, mimi na wewe."

"Mimi nitoke tu. Wewe umeshaiona ile nyumba ya watoto wakubwa wanakopelekwa wakifika miaka mitatu?"

Nilikuwa nimeiona, nilipeleka mablanketi huko. Nikamwambia haya, lakini asiseme nilijua.

Ikaanza kufanya kazi. Siku ya tano Akbota alilia dakika kumi tu. Siku ya sita alinyamaza, akashika mfuko wa aproni, akaingiza pua. Montse akakaa bila kupumua, amemkumbatia, miguu imemfa ganzi, hataki kunyanyuka. Kulyash alimfundisha kumwita "botam", kitoto changu cha ngamia, neno alilomwita yeye, na Montse alilitamka vibaya mno, lakini alilitamka. Siku ya tisa mtoto alimlalia kifuani. Ferran akageuka polepole kutoka ukutani, akawatazama, akafuta macho kwa mikono yote miwili.

Huku upande wa pili Kulyash alikuwa akijiondoa. Akabadili sabuni ili asiwe na harufu ileile. Akahamia kulisha watoto wa upande wa dirisha. Ikimlazimu kupita karibu na kitanda cha Akbota alivaa barakoa, akashusha kitambaa hadi kwenye nyusi, na hakutoa sauti. Siku za kwanza mtoto alimwita kwa vile vikelele vyake, naye akapita moja kwa moja kama kiziwi. Siku ya kumi na moja tulikuwa jikoni, akaniambia, "Leo nimepita hata hakugeuka." Akachukua andazi akala, akachukua lingine. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika. Nilimwambia amekula chumvi nyingi mno kujifanyia ukatili wa namna hiyo. Akajibu kwamba safari hii angalau ameaga mwenyewe, hakunyang'anywa.

Sasa nifike kwenye langu. Siku ya kumi na mbili nilipeleka taulo kwenye chumba cha wageni. Akbota alikuwa amepakatwa na Montse, ametulia tuli, na Montse anamwimbia, anamtafuta macho. Mtoto hakumtazama. Alipoinuliwa kidogo, aliinamisha kichwa tena kwenye kitambaa. Alipogeuzwa, alishika kitambaa. Nikasimama na taulo zangu nikaona wazi kabisa kwamba hajamzoea yule mwanamke, amezoea aproni. Ningekuwa na akili ningemwita Kulyash, tungeanza kuivua kidogo kidogo, leo robo saa, kesho nusu saa. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Lakini niliogopa kazi yangu, na niliogopa kumharibia Kulyash furaha ile kavu aliyoinunua kwa bei kubwa. Nikaweka taulo nikatoka.

Siku ya kumi na nne afisa akaja. Hakuwa mwanamke mbaya. Alivua buti zake zenye theluji, akauliza habari za mtoto, akakaa na faili magotini. Mkuu aliingia naye, akamwona mgeni amevaa aproni ya mfanyakazi yenye madoa ya uji wa siku kumi, akaona aibu mbele ya afisa. Akaagiza mgeni avae koti jeupe la wageni kama inavyotakiwa. Montse hakujua hatari. Akavua, akaiweka kwenye kiti, akavaa koti, akamnyooshea Akbota mikono akitabasamu.

Mimi nilikuwa mlangoni. Akbota alimtazama kama mtu aliyeingia sasa hivi kutoka barabarani. Akalia. Montse akamwita botam, botam, akamnyanyua, na mtoto akajikunja nyuma kama siku ya kwanza. Ferran akajaribu, ikawa mbaya zaidi. Wakamweka sakafuni, akatambaa huku analia mpaka kwenye kiti, akavuta kamba ya aproni ikamwangukia, akajifunika uso nayo akanyamaza.

Afisa akasema labda mtoto anaumwa, mlezi wake aitwe. Kulyash akaja bila barakoa. Akapiga magoti, akamwita kwa sauti yake ileile ya zamani.  Akbota alifunua uso, akamtazama kwa muda, kisha akamsukuma kwa mkono mmoja na kurudi ndani ya kitambaa.

Afisa akaandika. Mkalimani hakutafsiri, na hakukuwa na haja. Montse alisema kitu kimoja tu, tukatafsiriwa: "Siku mbili zaidi. Mwambieni anipe siku mbili." Afisa akajibu kwamba viza yao inaisha, na kwamba jambo hili halimo mikononi mwake, nami namwamini.

Aproni iliteremshwa kwangu saa saba mchana, na amri ya mkuu kwamba ichemshwe mara moja pamoja na ile ya pili iliyokuwa kwenye kabati la Kulyash. Mkuu hakuuliza kwa nini hazikufuliwa. Nilikuwa nimejaa hasira, na kwa hasira hiyo, na kwa woga, nikazitupa zote mbili kwenye sufuria kubwa, nikamimina magadi, nikafunika.

Baada ya kama nusu saa Kulyash akaingia. "Raihan, nipe aproni. Mtoto hali wala halali. Nipe nimpelekee tu."

Nikaonyesha sufuria.

Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Aliketi kwenye benchi, akangoja zichemke, zisuuzwe, zikauke juu ya bomba la moto. Akavaa moja, nyeupe pe, akapanda ngazi. Nilimfuata. Alimnyanyua Akbota akamweka kifuani, na mtoto akatafuta mfuko, akaingiza pua, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaiachia, akajilaza chali kwenye mikono ya Kulyash akitazama dari, wala hakulia.

Hajalia tangu siku hiyo, na hilo kwetu ni jambo baya. Anakula vizuri. Hachagui mtu, ukimnyanyua ananyanyuka, ukimlaza analala. Kulyash amerudia sheria yake, naye kila asubuhi huniletea aproni mkononi, imekunjwa, niichemshe. Humnyanyua Akbota, akamfuta, akamlisha, akamrudisha kitandani, na dakika tatu hazijaisha.