Mlango wa Wikio

Mwaka 2016, hapa Fordsburg, kusini mwa Afrika, nilinunua vitamu vya baklawa kwa Msiria aliyekuwa amefungua duka karibuni. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza alinieleza kwamba huko Dameski, zama za mwisho za Mturuki, mama wa babu yake hakupita barabarani kwenda kwa jirani. Wanawake walivuka darini, juu ya mapaa bapa, nyumba hadi nyumba. Mturuki alipoondoka wakaja wakazi wapya, wakajenga kuta juu ya madari. Nikamwambia sisi Unguja tulikuwa na wikio.

Wikio, msomaji wangu, ni daraja lililoezekwa, linalounganisha ghorofa za nyumba mbili juu ya uchochoro. La kwetu lilikwenda kwa shoga wa bibi, jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro. Kila alasiri bibi alivuka miguu mitupu na birika la chai ya mdalasini, na mimi nikisikia vicheko na kinu kikitwanga iliki. "Mlango wa chini ni wa wageni," alizoea kusema.

Nilizaliwa sultani keshaondoka. Nikiwa mdogo bado, ghorofa ya juu ya jirani ilitwaliwa na serikali mpya, ikapewa familia nyingine, na mlango wa wikio ukapigiliwa misumari. Shoga wa bibi akabaki na vyumba vya chini.

Bibi alingoja aje. Mwenzake naye alingoja. Siku moja nilimpelekea jirani mkate wa ufuta, akaniambia:

"Mwambie bibi yako, njia kaisahau?"

Nikarudi na salamu hizo. Bibi akabetua mdomo. "Mwambie, mimi si mgeni wake hata nikapige hodi kwa chini kama muuza maziwa."

Nilipomfikishia, jirani alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Kiburi hicho! Basi na mimi ninacho."

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Asubuhi moja muuza kahawa alimwita bibi kutoka nje: "Shoga yako kasafiri alfajiri, Bibi. Maskati, na harudi."

Bibi alishuka buibui likiwa mkononi, nami nyuma yake, akapiga hodi mlango wa chini wa jirani. Akafungua mtoto tusiyemjua.

"Nani wewe?"

Bibi akajitanda buibui, akarudi kwetu.

Hawakuonana tena. Wikio lenyewe liliporomoka masika moja, mawe yakachukuliwa kujengea kwingine. Nimesoma mengi juu ya miji iliyobadilisha watawala, na kwa miaka niliwalaumu waliopigilia ile misumari. Nawalaumu bado. Lakini uchochoro wa chini, baina ya milango yao miwili, hakuufunga mtu.