Sumaku ya Spika na Kidole cha Mguu

Shule niliiacha darasa la tatu na sikuirudia. Nyumba yangu hapa Kabambare, ya saruji na mabati, niliijenga kwa karai la kuoshea mchanga kule Salamabila. Kwa hiyo mtu akinizungumzia sumaku, namsikiliza kama fundi, si kama mgeni. Ukishaosha mchanga wa dhahabu, chini ya karai unabaki mchanga mweusi, mzito, maji hayaubebi. Unaukausha, unapitisha juu yake sumaku uliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mweusi unaruka kuishika sumaku, dhahabu inabaki. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi.

Mwaka jana ugonjwa wa sukari ulinishika mguu. Kidole kidogo cha kushoto kikawa cheusi, na hakikuuma, jambo ambalo lilinisumbua kuliko maumivu. Dokta kule Kasongo alisema mishipa imeziba, damu haifiki, kidole kimekufa. Kikatwe upesi kabla ugonjwa haujapanda. Nikamwambia nitafikiri. Nikapanda pikipiki nikarudi.

Sikufikiri chochote. Nilimpigia simu binti yangu.

Huyo ndiye msomi wetu. Yuko Ulaya, anafanya kazi katika laboratwari, na kazi yake alikuwa amenieleza zamani. Wanachukua seli, yaani vile vitu vidogo hai ambavyo mwili umejengwa navyo, zikiwa bado changa, hazijajua zitakuwa nini. Wanazifundisha kuwa seli za mishipa ya damu. Kisha wanazilisha vumbi la chuma, laini hata jicho halilioni. Zikishameza, unaweka sumaku pale mshipa ulipoharibika: damu inapita kwa nguvu, lakini seli haziendi na maji, zinashikwa palepale, zinajenga. Alinitumia na video. Vidoa vinatambaa vyote upande mmoja.

"Huo ni mchanga mweusi," nilimwambia siku ile, naye akacheka, akasema nimeelewa kuliko wanafunzi wake.

Sasa nikamwambia, "Zilete hizo seli."

"Baba, bado. Iko kwa panya tu. Hakuna mutu hata mumoja tumemutia."

"Mutu wa kwanza niko hapa."

"Baba, wakate hicho kidole."

"Panya wa Ulaya unawatengenezea mishipa, baba yako unamwambia akatwe."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nitauliza wakubwa wangu."

Neno hilo nililishika kama ahadi. Nikangoja. Mimi si mtu wa kungoja: nilikaa, nikasimama, nikaenda barabarani, nikarudi, nikatazama simu, nikapanda kale kamlima ambako mtandao unapatikana, nikashuka na mguu umevimba. Nikatafuta sumaku yangu ya zamani, nikaifunga juu ya kidole kwa kipande cha mpira wa pikipiki. Niliwaza hivi: damu ina ladha ya chuma, basi itavutwa ifike.

Mke wangu akanitazama nikipita uani. "Mzee, usikaribie jiko. Visu vyangu vitakufuata."

"Cheka. Utaona."

Siku zilipita, simu haikulia. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mlangoni, mke wangu akaja na beseni, akainama, akajizuia kuvuta pumzi. Safari hii hakucheka.

"Mzee, sumaku yako inavuta nzi."

Nikamwambia aniletee sahani nyeupe na sindano. Nilijichoma kidole cha mkono, nikadondosha damu kwenye sahani, nikaongeza maji kidogo, nikapitisha sumaku chini yake, taratibu, kama ninavyofanya siku zote. Damu haikusogea. Nikamwaga pembeni mchanga mweusi nilioutunza kwenye kopo. Ukasimama kama nywele za mtu aliyeona nyoka. Nikarudi kwenye damu. Ilikuwa imeanza kukauka mahali pake.

Mimi naamini kilicho ndani ya karai. Nilimwambia mke wangu aite pikipiki.

Dokta wa Kasongo alifungua kitambaa, akatazama, hakunigombeza. Alikata viwili.

Binti yangu alipiga siku ya tatu. "Baba, wakubwa wamekataa. Nilijua watakataa, nilishindwa tu kukuambia. Walikata?"

"Walikata viwili."

"Si dokta alisema kimoja?"

"Tangu mwanzo vilikuwa viwili. Nilisahau kukuambia cha pili."

Alipumua. Mimi ninayejisifu kwamba ukweli namwambia mtu usoni, nilimdanganya mwanangu mwenyewe, na sasa nimeandika hapa, atasoma. Asome. Cha kwanza kilichukuliwa na sukari. Cha pili nilikipoteza mimi kwa kiburi, si yeye.

Nikimpigia namuuliza, "Panya wako namna gani?"

"Wanatembea, Baba."

Basi nami natembea, kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi, nikitazama chini kila hatua, navilinda vile vinane vilivyobaki.