Nyanya yangu alilala sebuleni, mie nikaenda chuo

Admin, nakuomba jina langu ulifiche kabisa, hata mtaa wetu usiutaje, juu huku Kamembe, Rwanda, bantu banajuana. Mie ni binti wa miaka ishirini na nne. Nasoma uuguzi Bukavu, Kongo, nimebakiza mwaka mumoja tu nimalize, na kila asubuhi navuka daraja la mpakani la Rusizi na kibali changu mkononi, mbele na nyuma yangu ni bamama banapeleka mboga na sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Nilizaliwa kule ng'ambo Bukavu, mtaa wa Nguba. Nyanya yangu, mama ya Maman, njo alinilea pale, mpaka baba akafa kwenye vita na sisi bote, na nyanya, tukarudi huku Rwanda. Kwa hiyo nilipoingia chuo, bantu balinisikia naongea sawa nabo, hakuna aliyeniuliza kitu. Mie pia sikusema kwetu ni wapi sasa. Halafu vita vikarudi kule milimani, na darasani maneno yakaanza, eti Rwanda njo inavileta. Muntu anasema, "Munyarwanda nikimupata humu ndani, atatoka kwa dirisha." Bote banacheka. Nilicheka nabo, jamani. Ungefanya je?

Sasa kuna desturi ya chuo chetu lazima muijue. Mwanafunzi akifiwa, promosyon yake, bale ba mwaka wake, inakuya nzima kwao, vitenge kiunoni, banaimba, banakaa chini na familia, banakula nabo. Muntu ambaye promosyon haikukuya kwenye matanga yake, anaonekana sawa hana bantu duniani.

Na nyanya yangu akafa. Nikawaza, nikisema tu nimefiwa, shefu wa promosyon ataniuliza, "Matanga iko wapi, tujipange?" Nimujibu nini? Vukeni daraja? Basi kesho yake nilivaa blauzi yangu nyeupe ya staji, ya mazoezi ya hospitali, nikaenda darasani, na nyanya amelala sebuleni amefunikwa shuka. Mungu anisamehe. Profesa alifundisha vidonda vya muntu wa kisukari, na mie niliandika yote, mwandiko msafi kabisa. Niliporudi Maman aliniangalia tu. "Weye mutoto," akasema, "uko na roho gani?"

Niko na rafiki mumoja chuoni, tumwite Furaha. Tangu mwaka wa kwanza tunakaa benchi moja, chakula chake ni changu. Tulipomaliza kuzika alinipigia simu, Maman akaishika, na kwa ile huzuni yake akamwambia kila kitu: "Binti yangu, nyanya yake amekufa. Kuya, kuya Kamembe, utatukuta." Hakujua kama nilificha. Kwake Furaha ni rafiki ya mutoto wake, basi.

Furaha akakuya. Peke yake, kitenge kiunoni, na sukari kwenye mfuko. Nilipomuona mlangoni nilirudi nyuma, lakini alinikumbatia. "Kumbe njo huku kwenu?" akaniuliza polepole. "Na ulikuwa unaogopa mie?" Akalia nyanya yangu sawa wa kwake. Bamama bakamuletea chai. Nikasema moyoni, Asante Mungu, yamekwisha.

Ndipo kaka yangu akaingia. Yeye ni askari wa huku Rwanda, alipewa ruhusa ya kuzika, alikuwa bado na nguo ya kazi. Alimpa Furaha mkono vizuri kabisa: "Karibu dada, asante kutufariji." Furaha alimpa mkono. Halafu akaweka chai chini, hakuinywa tena.

Nilimusindikiza mpaka mpakani. Pale karibu na daraja akasimama.

"Baba yangu alikufa vitani. Unajua?"

"Najua. Na wangu pia. Alikufia kwenu."

"Kwetu, kwenu." Akafuta macho. "Sikiliza. Sitakusema kwa muntu. Lakini usikuye tena kukaa karibu na mie. Nikikuona naona ule mkono wa kaka yako."

Akavuka. Ile sukari yake iko bado kwetu kwenye kabati, Maman hataki iguswe, eti mgeni atarudi kuinywa kwenye chai nasi.

Tangu siku ile nakaa nyuma peke yangu. Kaka anasema, "Hama! Vyuo viko hapa Rwanda, utavuka mpaka lini?" Nimeuliza. Chuo kimoja kitanipokea, lakini batanirudisha mwaka wa kwanza, na masomo yote ni Kiingereza, mie niliyesoma Kifaransa maisha yangu yote. Maman anasema, "Vumilia mwaka mumoja, mutoto, nimekusomesha kwa mgongo huu." Nilikuwa nimeshaamua kuhama. Kweli, kichwani nilikuwa nimeshaondoka.

Halafu wiki iliyopita, kabla profesa hajaingia, kijana mumoja akasema kwa nguvu, "Ule wa nyuma mbona amejitenga? Bananiambia si wa huku. Furaha, weye si unamujua?" Bote bakageuka kuniangalia. Nilishika mfuko wangu, nikaangalia mlango.

Furaha hakugeuka. Akasema, "Eko wa Nguba. Kwao nimefika, nimekula. Muache."

Tulipotoka alinipita kwenye ngazi bila kuniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Ukihama sasa, batajua nilibadanganya. Na mie sina daraja la kukimbilia."

Jamani, nikibaki, kila siku nitakaa chumba kimoja na muntu anayeumia kuniona, na siku moja bantu batajua tu. Nikienda, namuacha yeye abebe uongo wangu, yeye aliyekuya kunililia nyanya, na mie mwenyewe nilienda kuandika vidonda vya kisukari. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Aliyepitia mambo haya, tafadhali aniambie: mie nifanye je?