Mbwa Asiyekonda

Mbwa yule aliachwa pamoja na nyumba. Wataalamu wa kigeni walipomaliza mkataba wao katika shamba la ngano walifunga masanduku, wakagawa masufuria kwa wapishi, wakaondoka. Mbwa akabaki amelala barazani, na Meneja mpya alipokabidhiwa funguo alikabidhiwa mbwa pia. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya mabua makavu, masikio yameanguka, tumbo limeshuka hadi kugusa nyasi.

Nilikuwa bado shule ya msingi, na sikuwahi kuona mbwa mnene. Kwetu Nambis, mlimani, mbwa alikuwa mbavu na macho. Alikula ukoko, maji ya kuoshea sufuria, na kile alichofanikiwa kuiba. Mbwa wa mlimani akinenepa, majirani wangeuliza watoto wa nyumba ile wanakula nini.

Baba alikuwa mtunza bustani wa Meneja. Mbwa akaongezwa kwenye kazi zake bila maneno mengi, kama mtu anavyobebeshwa mfuko mwingine njiani kwa sababu mkono wake mmoja ulionekana uko wazi.

Bwana mifugo alipopita kukagua maksai wa shamba, Meneja alimwita amtazame mbwa. Alimshika mbavu, yaani alizitafuta mbavu, akasema moyo wa mnyama huyu unazama katika mafuta. Apunguziwe nyama, apewe pumba ya ngano iliyochemshwa na mchicha, atembezwe asubuhi na jioni. La sivyo, mtamzika kabla ya mavuno.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia baba. Wakati wa mavuno wangekuja wakubwa kutoka mjini kuangalia kombaini zikifanya kazi, naye alitaka mbwa akimbie kando ya Landrova kama alivyokimbia enzi za wazungu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba baba akishindwa atatafutwa mwingine. Na kota tuliyoishi ilikuwa ya mwenye kazi hiyo.

Baba hakuwa na pa kurudi. Sehemu yake kule mlimani ilikuwa imelimwa na kaka zake kwa miaka mingi, na mlimani ardhi iliyozoea jembe la mtu mwingine hairudi kwa kuombwa. Kwa hiyo mkate wetu, paa letu, daftari zangu, vyote viliingia ndani ya tumbo la mbwa yule, na baba akapewa kazi ya kulipunguza.

Aliifanya kwa bidii iliyoniumiza kuitazama. Alfajiri alimfunga kamba akamzungusha kambi nzima. Alirudi akachemsha pumba, akaipoza kwa kuipepea na kofia yake, akaipima kwa kikombe cha bati. Mbwa aliinusa, akamtazama baba usoni, akaenda kulala. Siku za mwanzo baba alifurahi. Asiyekula atakonda, alimwambia mama.

Ila mbwa yule alikuwa na mdomo wa ajabu. Alikataa pumba, akala sabuni ya kufulia iliyoachwa kwenye jiwe. Alilamba grisi kwenye magurudumu ya trekta hadi ulimi ukawa mweusi. Alitafuna udongo wa kichuguu kwa utulivu wa mama mjamzito. Mafundi wa karakana walimrushia mishumaa wacheke akiimeza. Baba alizunguka nyuma yake akiokota, akifuta, akificha, na wale mafundi wakamwita yaya.

Kumpima walimpima ghalani, kwenye mizani ya magunia. Mbwa hakukubali kusimama juu ya chuma peke yake, kwa hiyo baba alimkumbatia, wakapanda wote wawili. Kisha baba akashuka, akamfunga mbwa mlangoni, akarudi kupanda peke yake ili karani wa ghala atoe huo uzito mmoja katika ule mwingine. Kila mara jumla yao wawili ilikuwa ileile, na baba peke yake alikuwa mwepesi zaidi kuliko alivyokuwa mara iliyopita. Karani alikuwa mcheshi.

"Mzee," alisema, "mmoja wenu anakonda kweli. Nimwambie Meneja ni yupi?"

Vibarua waliokuwa wakipakia magunia walicheka. Baba naye alicheka, maana hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wake. Nilisimama pale nikamchukia karani, nikamchukia mbwa, na kwa sekunde moja nikamchukia baba kwa kile kicheko. Leo mtu akiniuliza nilianzaje kuandika, husema ni vitabu. Si kweli. Nilianza pale mizanini, nikitafuta neno la kumjibu karani na nisilipate.

Kama mbwa hali nyumbani na bado ananenepa, basi kuna mtu anamlisha. Hivyo ndivyo baba alivyofikiri, na mtu wa mlimani asingefikiri vinginevyo: kwetu mbwa ni mnyama wa mlangoni, chakula chake hutoka jikoni mwa mtu. Akaanza na jiko lake mwenyewe. Alimuuliza mama, kwa upole kwanza, halafu bila upole.

"Wewe baba," mama akamjibu, "mimi nikipata mfupa nauchemsha mpaka unakuwa mwepesi kama kijiti. Huyo mbwa nimpe nini? Kivuli chake?"

Alipomkosa mlishaji jikoni kwake alitoka nje kutafuta, na akampata mama wa maziwa.

Huyu alikuwa mwanamke wa Kibarabaig, mkubwa kwa baba kiumri, mwenye vazi la ngozi na bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Kabla ya ngano, ukoo wa mume wake ulilisha ng'ombe palepale tulipojengewa kota. Sasa waliishi pembezoni. Ngano ilianzia nyuma ya choo chetu ikaenda hadi macho yachoke. Mahindi humpa mtoto pa kujificha, mtama huwapa ndege pa kugombea, lakini ngano ilisimama tu, sare, kama wanafunzi waliokatazwa kugeuka. Njia ya zamani ya kwenda kunywesha katika ziwa la Basotu ilikuwa imelimwa, na ng'ombe aliyekanyaga mche alikamatwa. Mama yule hakuyazungumza hayo. Alikuja kila asubuhi na kibuyu, mama akampa mahindi, yeye akatumiminia maziwa yenye harufu ya moshi. Na kila alipoondoka, mbwa alimfuata hadi njia panda akimlamba mkono.

Huo mkono uliolambwa ndio uliomhukumu. Asubuhi moja baba alisimama mlangoni, akamwamkia shikamoo kama inavyopasa, akapokea marahaba yake, kisha akamwambia asije tena na maziwa yake. Alisema mbwa wa Meneja ananyweshwa maziwa kwa siri, na yeye, baba, ana watoto wa kulisha. Mama yule alimwangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua inanyesha kwenda juu. Alijitwika kibuyu chake akaenda, na sisi tukaanza kunywa chai ya rangi.

Mbwa hakukonda. Alizidi kung'aa. Manyoya yake yakawa laini, mashavu yakajaa, na asubuhi alirudi kutoka kusikojulikana akalala chali, akicheua kama tajiri baada ya harusi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Baba alimfungua mbwa kamba makusudi baada ya bakuli la pumba, akasema tumfuate, mimi na yeye, tumwone huyo anayemlisha kwa macho yetu. Nadhani alinitaka niwe shahidi. Mbwa hakutazama nyuma. Alipita karakana, akapita mwisho wa kota, akaingia kwenye mkuza, ule ukanda usiolimwa kati ya shamba na shamba, akakimbia. Mnyama tuliyeambiwa moyo wake unazama alikimbia kama mbwa mdogo, na sisi tukamfuata tukihema hadi mpaka wa mwisho wa ngano, ambako jembe la trekta lilikuwa limesimama na nchi ya zamani ilianza tena, kavu, yenye miiba.

Harufu ilitufikia kwanza. Kisha tukawaona ng'ombe. Walilala hapa na pale kando ya ngano, wengine wamebaki ngozi na pembe, wengine wapya. Ilikuwa kiangazi kibaya, na waliokuwa wakizunguka shamba zima kufuata maji walikuwa wakifika hapo na kukaa chini. Mbwa aliingiza kichwa chake ndani ya mmoja wao hadi masikioni. Alijua mahali pa kuanzia. Mbwa wa wafugaji wenyewe, wembamba, walikaa mbali wakimsubiri amalize.

Mama wa maziwa alikuwa pale, amepiga magoti, akichuna ngozi ya ng'ombe aliyekufa usiku. Hakusimama. Baba alimwamkia.

Mama yule alifuta kisu kwenye nyasi. "Mbwa yenu anakula vizuri," alisema.

Ndivyo tulivyompata aliyekuwa akimlisha mbwa. Baba alimvuta mnyama kwa ukosi, mdomo wake ukiwa mwekundu. Njia nzima niliona midomo yake ikisogea. Nilidhani anaandaa maneno ya kumwambia Meneja, kuhusu ng'ombe, kuhusu njia ya maji. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba jambo likishaonekana, limeshatengenezwa.

Na kweli alimwambia. Alisimama chini ya ngazi za baraza, kofia mkononi, akaeleza yote kuanzia njia iliyolimwa hadi mizoga. Meneja alisikiliza akimkuna mbwa kichwani. Alipomaliza, Meneja aliuliza kama mizoga ina magonjwa. Baba akasema hajui. Meneja akaagiza mbwa afungwe mnyororo usiku na mchana, na mizoga yote iliyo kando ya mpaka ifukiwe kabla wakubwa hawajafika, na udongo ushindiliwe juu, mrefu, ili mbwa wasiifukue. Atakwenda kukagua mwenyewe. Kuhusu njia ya maji hakusema lolote, na baba hakurudia.

Basi baba alichukua sepetu na jembe akaenda kufukia ng'ombe. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mashimo yalitoka na kina kifupi, kwa hiyo aliongeza udongo juu, akaupiga kwa mgongo wa sepetu, akauzungushia mawe na kuukandikia matope pembeni usimomonyoke, jinsi tunavyokandika kuta mlimani. Alikuwa mtu wa kazi safi. Nilimpelekea maji ya kunywa, na nilimkuta akimalizia tuta la mwisho, refu, la mviringo, zuri kwa kweli.

Mama wa maziwa alikuja kutoka upande wa miiba. Alilizunguka tuta lile polepole, akaligusa kwa kiganja. Ndani alikuwa ng'ombe wake, yule aliyemchuna siku ile.

"Kaburi ya baba mkwe wangu ilikuwa hivi hivi," alisema. "Mmelima. Mmepanda ngano juu yake. Sasa ng'ombe mmemjengea."

Baba alikuwa hajui. Watu wa mlimani wanazika chini na kuweka msalaba. Hawakujua, au hawakuuliza, kwamba kwa majirani zao kaburi la mzee aliyeheshimiwa hujengwa kwa miezi, ukoo mzima ukibeba udongo, likapanda kama kilima kidogo, na kwamba baadhi ya vilima vile trekta zilivilima kwa mwendo uleule kama zilivyolima vichuguu. Alinyanyua sepetu. Niliona anataka kulibomoa lile tuta palepale, alisawazishe, alifiche. Alichoma sepetu mara moja pembeni, bonge la matope likadondoka.

Kisha akasimama. Meneja alikuwa anakuja kesho yake kukagua. Tuta likiwa fupi mbwa watafukua, mbwa wakifukua, yule wa Meneja akichomoka kwenye mnyororo atakula, akila atanenepa. Niliyaona mawazo hayo yakipita usoni mwa baba moja baada ya jingine, na nilijua mwisho wake kabla hayajafika. Aliinama, akaokota lile bonge, akalirudisha mahali pake, akalipiga kwa mgongo wa sepetu.

Mama yule alingoja hadi alipomaliza. Halafu akaenda zake.

Mbwa alikonda. Kwenye mnyororo, na pumba, na hakuna kingine, alikonda upesi kiasi kwamba karani aliishiwa utani. Wakubwa walikuja na miwani yao, kombaini zikatembea zikitoa vumbi la dhahabu, na mbwa akakimbia kando ya Landrova, ulimi nje, mbavu zikihesabika. Bwana mifugo alimpiga baba begani, akasema wamiliki wa mbwa wangekuwa na subira kama yake, wanyama wangeishi miaka mingi. Tulibaki katika kota.

Baba aliendelea kumtembeza asubuhi na jioni, kama bwana mifugo alivyoagiza, kupitia mkuza hadi mpaka na kurudi. Siku nyingine nilikwenda naye. Tulikutana na mama yule akiswaga ng'ombe wachache waliomsalia, akizunguka shamba kuelekea ziwani. Baba alisimama pembeni, akavua kofia, akamwambia shikamoo. Yeye alipita. Baba hakuvaa kofia yake mara moja. Alisimama akingoja marahaba hadi mkia wa ng'ombe wa mwisho ulipopotea nyuma ya ngano, na mbwa, mwembamba, akavuta kamba kutaka twende.