Kenta Iliyosomewa Fatiha

Pedeli ya breki ilizama mpaka kwenye bati na haikurudi. Nikakanyaga tena, ikazama tena, laini, kama mtu anayekanyaga tope la mikoko. Nyuma nilikuwa na magunia ya korosho, bodi imejaa mpaka juu. Mbele ulikuwa mteremko. Na pembeni yangu alikaa mke wangu, bado anacheka jambo alilolisema mwenyewe.

"Shika," nikamwambia.

"Nishike nini?"

"Shika popote!"

Nikavuta gia ya tatu, ikalia, ikakataa, ikaingia. Nikavuta hendibreki, ikanyanyuka yote bila kushika kitu. Chini ya mteremko niliwaona kina mama wamepanga mafungu ya mihogo pembeni ya barabara, na mmoja ameipa barabara mgongo anamfunga mtoto mbeleko. Kulia bonde. Mbele wale kina mama. Kushoto ukingo wa udongo mwekundu.

Nikakata kushoto.

Hilo silifichi mtu. Mimi ndiye niliyekata kushoto, na kushoto ndiko alikokaa mke wangu. Mimi nilitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Yeye mguu wa kushoto ulibaki umebanwa kati ya kiti na mlango ulioingia ndani, na kila nilipojaribu kuuvuta ule mlango alisema, "Taratibu, baba watoto, taratibu," kana kwamba mimi ndiye niliyeumia. Hospitali walimkata juu kidogo ya goti.

Watu wanasema ajali haina kinga. Basi nitawaambia ajali hii ilitengenezwaje, na nani walishika koleo, nani walishika kalamu, nani walinyanyua mikono. Majina siyaandiki. Wenyewe watajijua.

Sisi ni watu wa Nanyamba kwa asili, ingawa nyumba tuna moja hapa Ufukoni, Mtwara mjini. Kila msimu wa korosho ukifika tulikuwa tunawakodi wenye malori watubebee mzigo, na kila mwaka mwenye lori anakula kilichonona na sisi tunabaki na ganda. Mke wangu ndiye aliyesema tununue gari letu. Mimi niliishia darasa la tano, yeye la saba, na mahesabu yapo kichwani kwake. Alikuwa na mikorosho aliyoachiwa na mama yake. Kwetu miti ya namna hiyo haiuzwi hivihivi, lazima mjomba wake akubali. Mjomba akakubali, kwa sharti kwamba siku ya kununua naye awepo. Mikorosho ikaenda kwa binamu yake. Akalia siku moja, kesho yake akafunga kanga akasema, "Twende tukatafute gari langu."

Tulidhani hela ile ni nyingi. Tulipoingia kwenye bei za magari ndipo tulipojua kuwa ni ndogo.

Kuna dada mmoja mwenye duka la kutoa kopi, alituonyesha kwenye simu Kenta, yale malori madogo, zilizopo Japani. Mke wangu alipoona bei alipiga kofi. "Mbona tunaiweza!" Dada akasema ngoja, mama, hiyo ni bei ya huko. Akaanza kuongeza: meli, bandari, ushuru, halafu ushuru mwingine wa uchakavu kwa sababu gari ni kuukuu, halafu usajili, halafu wakala, halafu kulitoa Dar mpaka huku. Kila alipogusa simu bei ilipanda. Mwisho mke wangu akamrudishia simu yake kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya moto.

"Kwa hiyo tunalipia magari mawili tupewe moja," akasema. "Tena kuukuu. Tena tunatozwa faini kwa ukuukuu wake."

"Ndivyo ilivyo, mama."

Tukarudi kwa yaliyokwisha kutumika hapahapa nchini. Huko bei inasomwa kwenye kibao cha namba. Mtu hakuulizi injini ikoje, anakuambia hii namba D, hii namba C, na herufi ikirudi nyuma, yaani gari likiwa la zamani zaidi, ndio bei inashuka, lakini inashuka kidogo sana. Tuliona Kenta namba B iliyooza sakafu, ukikaa unaona barabara, na mwenyewe anataka milioni kumi na sita bila aibu. Msimu wa malipo ya korosho wauza magari wanajua tuna hela. Wanakuja Mtwara na magari yao wakati huo, na gari lililokuwa na bei moja mwezi wa sita lina bei nyingine mwezi wa kumi na moja. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa rangi.

Yetu ilikuwa namba C, kichwa cha bluu, bodi ya mbao mpya bado inanuka msumeno. Ilikuwa kwenye yadi ya mtu mmoja anayekuja kutoka Dar msimu kwa msimu. Yeye alikaa ndani ya gari lake dogo lenye vioo vyeusi, anaongea na simu. Maneno yote tuliongea na dalali wake, mtu mwembamba wa kofia ya kiua, ambaye dakika ya kwanza aliniita mzee, ya pili shemeji, na ya tatu mtani.

"Ishirini na nne, shemeji."

"Kumi na nane," nikasema.

Akacheka akamgeukia mke wangu. "Mama, huyu umemtoa wapi? Kumi na nane ananunua kichwa, bodi atabeba mgongoni?"

"Bodi nitabeba mimi," mke wangu akasema. "Wewe punguza."

Tukafika ishirini na mbili. Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mwanaume. Nilikuwa na fundi wangu Naliendele, mtu mzima, namwamini. Tulikubaliana aje baada ya sala ya adhuhuri aingie chini yake, alifungue magurudumu, ndipo tulipe. Nikamwambia dalali tusubiri.

"Subiri, mtani, hakuna neno," akasema. "Ila kuna mtu wa Tandahimba yupo njiani na hela mkononi. Akifika nisilaumiwe. Na gari umeliendesha mwenyewe, breki umeziona."

Ni kweli nililiendesha. Niliendesha tupu, kutoka yadi mpaka mzunguko na kurudi. Lilisimama vizuri.

Mjomba alikuwa ameshachoka na jua. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa kwa ajili ya shughuli hii, na mtu akivaa kanzu anataka shughuli iwe. Akasema, "Inatosha. Maneno yakizidi yanaondoa baraka. Gari zuri, bei wamepunguza, tusome fatiha."

Nikasema, "Mjomba, fundi yuko njiani."

"Fundi ni Mungu," akasema, akanyanyua mikono.

Dalali akanyanyua upesi kuliko wote. Hata yule wa kwenye vioo vyeusi alishusha kioo akatoa mikono nje. Mke wangu akanitazama. Nami nikanyanyua yangu.

Asiye wa kwetu anaweza kuuliza, fatiha ikisomwa kuna nini? Kuna hivi: jambo limefungwa. Harusi, shamba, ng'ombe, mashine ya kusaga, fatiha ikishapita, mtu anayerudi kuulizauliza anaonekana anayachezea maneno ya Mungu, na wakwe hawatamsahau. Fundi wangu alipofika na mfuko wake wa spana tulikuwa tunakunywa soda. Mjomba akamwambia, "Umechelewa, mwanangu, mambo yameshasomewa." Fundi akaliangalia gari kwa mbali, akaniangalia mimi, akasema hongereni. Hakuinama. Na mimi sikumwambia inama. Nilikuwa nimelipa milioni ishirini na mbili, nikaona haya kumwambia mtu inama.

Watu husema rahisi ghali. Mimi nilinunua ghali, basi sijui kwangu wataniambia methali gani.

Karatasi ya mauzo nilisaini pale pale juu ya boneti ya lile gari dogo. Kuna mstari ulisema mnunuzi ameliona gari na ameliridhia katika hali liliyo nayo. Nilisoma polepole, kwa kidole, na dalali akanisaidia kusoma, akausoma mstari huo haraka kidogo. Siku iliyofuata tulikwenda kwa ukaguzi. Mkaguzi aliuliza taa zinawaka? Nikasema zinawaka. Honi? Nikapiga. Akanipa stika ya usalama nibandike mwenyewe kwenye kioo. Kiti chake hakikujua kama amesimama.

Wiki mbili nilibeba vitu vyepesi: vitanda, mbao kidogo, familia moja ikihama. Gari lilisimama kila nilipokanyaga breki. Halafu chama cha msingi cha wakulima kule Nanyamba wakanipa mzigo wa kwanza wa korosho kuleta ghalani Mtwara. Mke wangu akasema na yeye anakuja. Nilimwambia safari ya mzigo haina starehe. Akasema, "Hili gari ni mikorosho ya mama yangu imeota magurudumu. Unanikataza nisipande mti wangu?" Akapanda. Ndicho alichokuwa akikicheka pale kileleni mwa mteremko, alikuwa akisema sasa hivi mkorosho unakimbia kuliko bodaboda.

Gari lilivutwa likawekwa kituo cha polisi. Siku ya nne mke wangu alipokuwa amelala na dawa, nilikwenda na fundi wa Naliendele. Safari hii aliinama. Alilala kabisa chini ya gari, akakaa sana, akatoka na uso mwingine.

"Njoo uone mwenyewe," akasema.

Nikajilaza. Akanionyesha kwa bisibisi bomba la breki linalokwenda magurudumu ya nyuma. Lilikuwa limebanwa kwa koleo, bapa, kama mdomo wa samaki, likakunjwa, halafu likapakwa rangi nyeusi lisionekane.

"Wili silinda za nyuma zilikuwa zinavuja," akaniambia. Hivyo ni vidude vidogo vya ndani ya gurudumu, vinavyosukuma breki. "Badala ya kununua, wamefunga njia ya mafuta. Gari likawa na breki za mbele tu. Tupu linasimama. Ulipopakia, ukashuka mteremko, za mbele zimefanya kazi ya magurudumu yote, mafuta yamechemka, pedeli imezama. Hukukosea kuendesha."

"Hivyo vidude bei gani?"

Akanitajia. Sitaiandika hapa, nitatapika. Ni kitu ambacho ningekilipa kwa hela ya soda tulizokunywa siku ile na chenji kidogo ya mfukoni, tena ningelipa nikicheka.

Mafundi wa mji wanajuana mikono. Alinipeleka kwenye gereji moja nyuma ya soko. Fundi wa pale alipomwona mwenzake amebeba kile kipande cha bomba alichokikata, alikaa juu ya tairi.

"Ni mkono wako?" fundi wangu akamuuliza.

"Ni wangu."

"Umebana bomba la gari la mzigo?"

"Nilimwambia mwenye gari, yule wa yadi," akasema, na aliniangalia mimi sasa. "Wallahi kaka nilimwambia. Nikamwambia hili linataka wili silinda mbili za nyuma, tuagize Dar, siku tatu. Akasema siku tatu msimu unapita. Bana, atakayenunua atatengeneza. Nikabana."

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Nilijua mtu hanunui bila kupeleka fundi."

Sikumpiga. Mikono ilikuwa inataka. Lakini alisema neno ambalo lilinigeukia mimi, nikatoka nje nikasimama juani.

Kwa dalali nilikwenda mwenyewe. Alinipa pole nyingi, akaniita mtani tena. Nilipomtajia bomba, pole zikaisha. "Shemeji, ulikagua, ukaendesha, ukaridhia. Karatasi ipo. Na fatiha ilisomwa, ama mlikuwa mnatania?" Nilimwomba namba ya mwenye yadi. Akanipa. Nimeipiga mpaka nimeizoea sauti ya yule mwanamke anayesema haipatikani. Polisi waliniambia kwa karatasi ile kesi ni ngumu, nitafute wakili. Mkaguzi aliniuliza kama nina ushahidi kuwa bomba lilibanwa kabla ya stika na siyo baada.

Mjomba alikuja hospitali na kuku wawili waliofungwa miguu. Akakaa pembeni ya kitanda akasema, "Ni kadari, mwanangu."

Mke wangu akajiinua kwenye mto. Akasema, "Kadari haina koleo, mjomba."

Mzee akainamisha kichwa. Muuguzi alipokuja kuwatoa watu, alitoka wa kwanza.

Sasa msimu mwingine umeanza, na mwenye yadi amerudi. Nimemwona kwa macho yangu. Ameleta malori matatu yenye rangi mpya, bei imepanda kuliko tuliyolipa sisi, na wakulima wamesimama pale na mifuko yao. Nilimsogelea kwenye kioo. Akaniambia nizungumze na dalali.

Na dalali sina tena neno naye. Mjomba kosa lake analijua, na mimi langu nalala nalo kila siku kwenye kitanda kimoja. Fundi wa koleo amesema ukweli, tena amesema ataurudia mbele ya yeyote. Mkaguzi atafute siku moja ainuke kitini aje aione stika yake ilipobandikwa. Lakini wewe uliyesema bana, msimu unapita, wewe ndiye nikutakaye. Nyumba yangu ipo Ufukoni, muulize yeyote gari la korosho lililoanguka ni la nani, atakuleta. Shuka kwenye gari lako la vioo, ingia ndani, kaa mkekani mbele ya mke wangu, umtazame. Umjibu jambo moja tu, kwa mdomo wako, bila dalali: ulijua kuwa litabeba watu, au hukujua?